Mkate wa slesi kutoka Unguja hadi Ngazija: je, niweke kiinua mgongo changu?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Wete. Katika kiinua mgongo changu nimebakiwa na shilingi milioni 60. Kuna kiwanda cha mkate wa slesi kipo Unguja, mwenyewe ni mtu tuliyeoleana. Mkate wake unauzika mjini, na sasa anataka kutanuka: alete Pemba, kisha apeleke Ngazija kule Komori, na Mombasa baadaye. Anasema Wangazija ni ndugu zetu na mkate wanaupenda. Ameniomba milioni 40 na ananiahidi asilimia 2 kila mwezi, liwe jua iwe mvua. Kijana wangu aliyeko nje ananishauri nimuache huyo, ninunue hisa za makampuni makubwa kama Bimbo ya Mexico, ambayo mkate wake umeenea dunia nzima. Nifuate lipi?

Jibu:

Maalim, shikamoo, na ahsante kwa kueleza jambo lako kinagaubaga. Wengi huuliza baada ya pesa kutoka mkononi, wewe umeuliza kabla.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa masharti uliyopewa, usitoe milioni 40. Biashara ya mkate si mbaya, na mpango wa Pemba una mantiki ukipangwa vizuri. Mpango wa Ngazija kwa njia ya kupakia mikate melini sioni unavyoweza kulipa. Na hiyo ahadi ya asilimia 2 kila mwezi inanitia hofu kuliko bahari yote iliyopo kati ya bandari ya Malindi hapa Unguja na Moroni, mji mkuu wa Komori. Nitaeleza moja baada ya moja, ila nitakaa zaidi kwenye mkate wenyewe, kwa sababu mtu akishaelewa mkate unavyoishi na unavyokufa, mahesabu mengine huja yenyewe.

Mkate wa slesi ukitoka tanurini haufai kukatwa wala kufungwa papo hapo. Ndani bado una joto la karibu nyuzi 95, na mvuke unatafuta njia ya kutoka. Lazima ukae kwenye rafu zenye hewa mpaka katikati yake ipoe, ifike kama nyuzi 35 hivi, na kwa mkate wa kawaida hiyo ni kazi ya saa moja na nusu mpaka mbili au zaidi. Mjini kwetu hewa yenyewe ni ya joto na imejaa unyevu, hivyo kupoa kunachelewa. Kiwanda kikiwa na haraka, kwa kuwa umeme ulikatika usiku au gari inasubiri mlangoni, mkate hufungwa ungali na joto. Mvuke unaganda ndani ya mfuko, matone yanaonekana kwa macho, na ukungu unapata maji ya kunywa. Siku ya tatu utaona vidoa vya kijani kwenye ukoko. Kwa hivyo kabla hujaomba karatasi yoyote ya hesabu, mwambie mtu wako aliyeko mjini aende dukani alfajiri, aushike mkate wa kiwanda hicho ulioletwa sasa hivi, autazame mfuko kwa ndani. Ukiwa na umande, ujue kiwanda hakijamudu hata soko la Darajani, sembuse la ng'ambo.

Ipo dawa ya kuchelewesha ukungu, kalsiamu propioneti, inayotumiwa na viwanda vingi vya mkate duniani na hutajwa kwenye karatasi ya mfuko. Inasaidia kweli. Lakini haizuii mkate kukauka na kuwa mgumu, kwa sababu ugumu ule unatokana na wanga kujipanga upya ndani ya nyama ya mkate, hata kama mfuko haupitishi hewa. Na friji huzidisha: kwenye ubaridi wa friji mkate unakuwa mgumu haraka kuliko ukiuacha mezani. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba atanunua kontena la ubaridi na tatizo litakwisha. Kugandisha kabisa ndiko kunakohifadhi, na hiyo ni biashara nyingine yenye gharama nyingine.

Sasa utazame mkate huo ukija kwako Wete. Umechomwa Jumatatu usiku, umepoa, umefungwa. Jumanne umelala bandarini ukisubiri meli ya usiku. Jumatano alfajiri umefika Mkoani. Umeteremshwa, umepakiwa garini, umepita Chake Chake, na mchana ndio unafika kwenye duka la mtaani kwako. Ikiwa mfuko umeandikwa siku tano, mbili zimeshakwisha kabla mtu yeyote hajautazama, na mnunuzi wa Alkhamisi asubuhi anauona mkate wa siku ya tatu. Pembeni yake kuna boflo la tanuri la jirani, bado moto. Na hapo nimehesabu siku bahari ilipotulia. Kusi likivuma, meli ikighairi safari, mzigo wote ule unageuka chakula cha kuku.

Hapa ndipo pesa inapopotea katika biashara ya slesi: kwenye mikate inayorudi. Nikupe hesabu ya mfano tu, si ya kiwanda hicho. Tuseme mkate mmoja unauzwa kwa duka shilingi 1,000, na gharama yake yote, kuanzia unga, mafuta, sukari, hamira, mfuko, umeme, mishahara na gari, ni shilingi 850. Mikate 100 imegharimu 85,000. Ikiuzika yote, kiwanda kinapata 100,000, faida 15,000. Ikirudi 12, kinapata 88,000, faida imebaki 3,000. Ikirudi 18, mauzo ni 82,000, na kiwanda kimetia hasara 3,000 ingawa mikate 82 imeliwa na watu wameisifu. Ndiyo maana mwenye kiwanda anaweza kukwambia kwa kinywa kipana kwamba mkate wake unapendwa, na ukawa unapendwa kweli, huku yeye anafilisika. Swali la kwanza la kumuuliza ni hili: katika kila 100 zinazotoka, ngapi zinarudi, na nani anaubeba mzigo wa zile zinazorudi, yeye au mwenye duka? Kiwanda makini kina daftari la marejesho kwa kila duka na kila siku. Asiyekuwa nalo hajui kama anapata au anakosa.

Kijana wako ametaja Bimbo, na amefanya vyema, kwa sababu kampuni ile ni darasa tosha kwa swali lako. Ilianza Mexico City mwaka 1945, ikaingia soko la hisa la Mexico 1980, na upanuzi wake wa kweli nje ya nchi ulianza 1990 ilipoingia Guatemala. Guatemala imepakana na Mexico. Mwaka 1998 ikanunua kampuni ya Mrs Baird's huko Texas, na Texas nayo imepakana na Mexico. Miaka 45 nyumbani, kisha mlango wa jirani. Baada ya hapo ndipo yakaja manunuzi makubwa: shughuli za Weston za Marekani mwaka 2009 kwa kiasi cha dola bilioni 2.4, mkate wa Sara Lee wa Marekani 2011, Canada Bread 2014, na kufikia 2017 ilikuwa imeingia India na Moroko.

Angalia vizuri Bimbo ilinunua nini. Haikuwa inapakia mikate ya Mexico melini kupeleka Toronto au Delhi. Ilinunua matanuri yaliyokwishakuwepo pale pale, magari yake, madereva wanaozijua njia, na majina ambayo watu wa pale walikuwa wanayala tangu utotoni. Mwenye kula Mrs Baird's Texas anaona bado ni mkate wa kwao. Kilichovuka mpaka ni mtaji na ujuzi: namna ya kupanga njia za magari, namna ya kuhesabu marejesho, namna ya kumfikia mwenye kibanda kidogo kila siku. Mkate wenyewe ulibaki kuchomwa karibu na mlaji.

Hata kwa utaratibu huo, ng'ambo hakujaipa Bimbo tonge laini. Kwa miaka mingi faida yake kwa kila peso ya mauzo imekuwa kubwa zaidi Mexico kuliko Marekani na Kanada, ingawa mauzo ya huko ni makubwa sana. Nyumbani ndiko kunakolisha safari. Manunuzi mengi yalitegemea mikopo. Na kuna la Kanada linalostahili kukumbukwa na kila anayenunua kampuni ya mwenzake: mwezi Juni 2023 Canada Bread ilikiri mahakamani kwamba ilipanga bei ya mkate na wenzake, ikatozwa faini ya dola milioni 50 za Kanada. Makosa yenyewe yalihusu bei zilizopandishwa 2007 na 2011, kabla Bimbo haijainunua. Ukinunua tanuri la mtu unanunua na madeni na madhambi yake.

Upande wa pili, utazame Tiger Brands ya Afrika Kusini, watu wanaoujua unga na mkate kwa miongo mingi. Mwaka 2012 walinunua zaidi ya asilimia 63 ya Dangote Flour Mills ya Nigeria kwa fedha inayokaribia dola milioni 200. Hesabu kwenye karatasi ilivutia: nchi yenye watu wengi kuliko zote Afrika, na watu hao wanakula mkate. Lakini vinu vya unga vilikuwa vimezidi mahitaji, ushindani wa bei ulikuwa mkali, naira ikashuka. Desemba 2015 hisa zile zilirudi kwa Dangote kwa dola moja. Dola moja, Maalim. Miaka michache baadaye, 2019, Dangote akakiuza kiwanda hicho hicho kwa kampuni ya Olam ya Singapore kwa mamia ya mamilioni ya dola. Vinu ni vile vile na nchi ni ile ile. Aliyekuwa akilijua soko kwa undani ndiye aliyeondoka na pesa. Kwa hivyo mtu akikwambia "watu ni wengi na mkate wanakula", amekwambia jambo la kweli ambalo halimhakikishii yeye kupata faida.

Na kwa nini twende mbali. Said Salim Bakhresa ni mzaliwa wa hapa Zanzibar, na unga wa Azam leo unasagwa Tanzania Bara, hapa Unguja, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na Msumbiji. Alichovusha mipaka ni kinu. Ngano inasafiri miezi melini bila tatizo, unga unakaa miezi ghalani, ndiyo maana kinu kinaweza kuwa mbali na mlaji kuliko tanuri. Huo ndio mpangilio wa biashara hii kila mahali: ngano huja kutoka mbali, unga hutoka bandarini, mkate huchomwa mtaani.

Sasa Ngazija. Moroni ipo zaidi ya kilomita 700 kutoka Unguja kwa mstari ulionyooka, na vyombo vya huko haviondoki kila siku. Mkate wa siku tano ukipelekwa huko hauna hesabu inayokubali, hata ukipewa nauli ya bure. Udugu wetu na Wangazija ni wa damu, mitaa ya mjini imejaa watu wenye asili ya huko, lakini ndugu huyo ana mchoma mkate wake wa jirani, na kwa historia ya Mfaransa aliyetawala visiwa vile hadi 1975 wamezoea mkate mrefu wa moto wa kila asubuhi. Slesi ya mfuko inamfuata mtu asiye na tanuri karibu, au mama anayetayarisha watoto wa skuli alfajiri na hana muda. Visiwa vyote vya Komori vina watu chini ya milioni moja, waliogawanyika katika visiwa vitatu vilivyotengana. Soko dogo lililokatwa vipande vitatu na bahari ni mzigo mkubwa kwa biashara ambayo maisha yake ni gari la kila asubuhi.

Liko jambo moja zuri kuhusu Komori na nisingependa kulificha. Faranga yao imefungwa kwa yuro, takriban faranga 492 kwa yuro moja, kwa hiyo mauzo ya kule hayayumbi ovyo. Mtu akija siku moja na mpango wa kujenga tanuri Moroni pamoja na mshirika wa huko anayejua maduka, nitausoma kwa makini. Huo ungekuwa mpango mwingine kabisa, wenye mtaji mwingine.

Mombasa nitaipita haraka. Pale kuna viwanda vikubwa vya Kenya vyenye magari yao na bei zao. Kiwanda kimoja cha Unguja kitakwenda kushindana nao kwa lipi?

Tuje kwenye gharama ambazo mwenye kiwanda hana mamlaka nazo. Sehemu kubwa sana ya ngano inayoliwa nchini inatoka nje na inanunuliwa kwa dola. Mwezi Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ngano katika soko la Chicago ilivuka dola 13 kwa busheli moja, yaani kilo 27 na kidogo. Miaka miwili baadaye ilikuwa chini ya dola 7. Halafu 2023 dola zenyewe zikawa adimu nchini. Mfuko wa unga wa kilo 50 hutoa mikate kama 165 ya gramu 400, hivyo unga ukipanda shilingi 16,500 kwa mfuko, kila mkate umepanda shilingi 100 kabla hujagusa sukari na mafuta. Mwenye duka hapokei bei mpya siku ile ile, na mnunuzi akiona slesi imepanda anarudi kwenye boflo, chapati au muhogo wa kuchemsha bila hata kuhuzunika. Muulize jamaa yako 2022 alifanya nini: alipandisha bei, alipunguza uzito, au alikula hasara? Jibu la swali hilo litakuonyesha mfanyabiashara kuliko picha zote za mashine mpya.

Umeme nao. Unguja inategemea waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara, na wewe unakumbuka tulivyokaa gizani takriban mwezi mzima 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Waya mpya wenye nguvu kubwa zaidi ulipokuja 2013 hali ikatengemaa, na Pemba ikapata waya wake kutoka Tanga 2010 baada ya miaka ya majenereta. Lakini kukatika kwa saa mbili tatu kunatosha kuharibu usiku mmoja wa mkate: unga uliokwishaumuka hausubiri. Tanuri la kuni la boflo halina shida hii. Kiwanda cha slesi kisicho na jenereta linalobeba mashine zote, hata za kupoozea na kukatia, kina tundu kwenye hesabu yake.

Baada ya yote hayo nasema bado Pemba ina nafasi, na ningependa jamaa yako aanze hapo, lakini kwa kuchoma mkate Pemba kwenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 540,000 Pemba. Barabara kutoka Mkoani hadi Chake Chake, Wete na Konde ni njia moja ambayo gari likitoka Chake alfajiri linaweza kuifunika kabla watoto hawajaingia skuli. Serikali imetenga eneo la viwanda Chamanangwe, na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, wanaweza kumweleza unafuu anaostahili mwekezaji. Tanuri dogo, mashine moja ya kukatia, magari mawili, jenereta. Unga ndio uletwe kwa meli, kwa sababu unga haujali kusi. Hiyo nayo ni kutanuka ng'ambo, maana bahari ni bahari, na kama kiwanda hakiwezi kuendesha tawi lililopo saa chache kwa meli, hakitaendesha la Moroni.

Pale Unguja pia hajamaliza. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje yanahitaji mkate kila asubuhi. Mnunuzi wa hoteli anaagiza idadi anayoijua, kwa hiyo marejesho ni machache. Ubaya wake ni kwamba hulipa kwa kuchelewa, na msimu wa mvua za masika vyumba hupungua. Mwezi wa Ramadhani nao chai ya asubuhi inaondoka kwa wenyeji, na mwenye mipango ya mwaka lazima auweke mwezi huo peke yake kwenye daftari. Nilitegemea mpango wa jamaa yako uyataje haya. Katika ulichonieleza sikuyaona, na hilo linanipa dhana kwamba Ngazija imechaguliwa kwa sababu jina linavutia wenye mtaji.

Nimefika kwenye asilimia 2. Kwa milioni 40 ni shilingi 800,000 kila mwezi, asilimia 24 kwa mwaka, tena "liwe jua iwe mvua". Hati fungani za Serikali hazifiki hapo. Kiwanda kinachokwenda kujenga soko jipya huwa hakina faida miezi ya mwanzo, mara nyingi mwaka mzima. Sasa hiyo laki nane ya mwezi wa kwanza itatoka wapi? Itatoka kwenye milioni 40 zako mwenyewe, au kwenye pesa ya mstaafu mwingine atakayeingia baada yako. Simtuhumu jamaa yako kwa ubaya. Huenda anaamini kwa dhati kwamba atalipa, na watu wengi wema wameahidi hivyo. Lakini mkataba wa namna hiyo unakuweka mahali pabaya pande zote mbili. Kwa dini, faida iliyowekewa kiwango kwa pesa uliyoitoa, bila wewe kubeba hasara, wewe unajua kuliko mimi inaitwaje. Kwa sheria, huna hisa wala dhamana, una ahadi tu.

Kama bado moyo wako unataka kuingia, na sioni aibu ya mtu kutaka kuijenga biashara ya nyumbani, basi masharti yabadilike. Iwe ni ushirika wa kweli, musharaka, faida na hasara zigawanywe kwa sehemu zinazojulikana, na kampuni iwe imesajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, jina lako likiwa kwenye orodha ya wanahisa. Pesa iende kwenye tawi la Pemba peke yake, kwenye akaunti ya benki inayotaka saini mbili, yako ikiwa mojawapo. Itoke kwa awamu: ya kwanza baada ya kuonyeshwa hesabu za miaka mitatu, cheti cha kodi na vibali vya chakula kutoka ZBS (taasisi ya viwango ya Zanzibar) na ZFDA (wakala wa chakula na dawa), ya pili baada ya mashine kufika na kufungwa. Na kiwango kisizidi milioni 12, moja ya tano ya ulichonacho. Wewe hupokei tena mshahara. Kijana wa miaka 30 akipoteza milioni 40 ana miaka ya kuzirudisha.

Iliyobaki iweke mahali ambapo unaweza kuifikia ukiugua. Ipo mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS inayokuruhusu kuuza vipande vyako unapotaka, ipo sukuk, hati ya uwekezaji isiyo na riba, ya Serikali ya Mapinduzi iliyozinduliwa 2025, na Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) kupitia kitengo chake cha Kiislamu, Ikhlas, wana akaunti za mudharaba, yaani za kugawana faida. Pita kwenye kila ofisi, uliza muda wa kutoa fedha na kiwango kilicholipwa mwaka jana, linganisha.

Kuhusu ushauri wa kijana wako: Bimbo ni kampuni nzuri, na anayeinunua ananunua biashara inayokua taratibu, kwa sababu mkate hauruki kwa mauzo hata uchumi ukichangamka. Ila hisa zake zinauzwa kwa peso katika soko la Mexico, faida utakayoipata inaweza kumezwa na ubadilishaji wa fedha, na kampuni ina mikopo mingi ya riba, jambo ambalo najua utataka kulipima. Kupeleka mtaji nje ya Afrika Mashariki na SADC kuna masharti ya Benki Kuu, kwa hiyo usimpe mtu yeyote mtandaoni pesa yako. Pitia kwa dalali aliyesajiliwa na CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Kwenye soko la hisa la Dar es Salaam hakuna kampuni ya mkate. Kwa mstaafu wa Wete anayehitaji kula kutokana na mtaji wake, Bimbo naiona mbali mno. Kijana wako kwa pesa yake mwenyewe, na akiwa huko huko nje, anaweza kuifikiria.

Wiki hii mwandikie jamaa yako barua, kwa heshima ya ukwe, umuombe vitu vitatu tu: daftari la marejesho la miezi sita iliyopita, risiti za unga za 2022 hadi leo, na jina la mtu atakayeendesha tawi la Pemba. Akikuletea, nitumie nakala nizipitie pamoja nawe kabla hujatia saini popote.